Kiinua Mgongo, Pensheni na Mhudumu: Istilahi za Mafao ya Askari wa Zamani Wenye Ulemavu Kamili katika Mikoa ya Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mafao yanayoweza kumfikia askari wa zamani mwenye ulemavu kamili anayeishi katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Ufafanuzi umejengwa juu ya istilahi za Kiswahili zinazotumika kuyataja mafao hayo, kwa kuwa kila istilahi hubeba uzito wake wa kisheria: lipo neno linalotaja haki inayodaika, na lipo neno linalotaja huruma. Hoja kuu ni kwamba mafao yaliyopo ama hufuata jina la utumishi alilokuwa nalo mtu siku alipoumia, ama huchukulia kuwa mtu huyo bado anaweza kufanya kazi. Mtu anayemlisha, kumwogesha na kumbeba hana fungu lake. Makala yanapendekeza kwamba mhudumu atajwe kwa jina katika sheria na kanuni wakati huu ambapo sheria za nchi zinahamishiwa katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Nyanda za Juu Kusini zimetoa askari kwa zaidi ya karne moja. Wahehe na majirani zao waliingizwa katika jeshi la Wajerumani, kisha katika kikosi cha Waingereza cha King's African Rifles, ambacho wazee walikiita Keya. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Keya kutoka Tanganyika walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Baada ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kuundwa mwaka 1964, vijana wa mikoa hii waliendelea kujiunga nalo, na kambi za Jeshi la Kujenga Taifa za Mafinga na Itende ni sehemu ya historia hiyo. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 viliwachukua wengi zaidi. Jeshi lilikuzwa kutoka chini ya watu 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000.

Swali la makala haya ni jepesi kulitamka: mtu aliyerudi kutoka vitani au mafunzoni akiwa hawezi tena kujihudumia anastahili nini, na anakidai kwa neno gani? Ugumu wake unatokana na kwamba sheria zinazohusika ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mdai huzungumza Kiswahili, Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa. Anachokiomba mlangoni hutegemea neno alilopewa na aliyemtangulia kuomba.

2.0 Nani ni "Mstaafu"?

Kiswahili sanifu hakina neno moja lililozoeleka la kumtaja kila mtu aliyewahi kulitumikia jeshi. Neno linalotumika zaidi ni "mwanajeshi mstaafu", nalo ndilo lililobebwa na jina la Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania (MUWAWATA). Kitenzi "staafu" hudokeza mtu aliyekuwa katika ajira, akaimaliza kwa utaratibu na kuondoka na mafao. Kwa askari wa kawaida wa JWTZ neno hilo linafaa. Kwa mgambo aliyeitwa kutoka kijijini, akapigana na kurudi shambani bila kuajiriwa jeshini, neno hilo halimgusi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Wapiganaji wawili walikuwa katika handaki moja mwaka 1979. Mmoja askari wa JWTZ kutoka Mbeya, mwingine mgambo kutoka Iringa. Kombora moja liliwapofusha wote wawili na kuwakata miguu. Majeraha yao ni yaleyale, lakini majina yao ya utumishi ni tofauti. Wa kwanza anaingia katika utaratibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, na pensheni ya wanajeshi hulipwa na Hazina. Wa pili, jina lake lisipokuwamo katika orodha ya wastaafu, anabaki kuwa mwananchi mwenye ulemavu na atatafuta haki yake katika sheria za raia.

Tofauti ya namna hii si ngeni katika historia ya eneo hili. Uchunguzi wa nyaraka za kikoloni uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba malipo ya mwisho ya askari wa Keya baada ya Vita Kuu ya Pili yalipangwa kwa rangi ya ngozi: askari mweusi alilipwa takriban theluthi moja ya alicholipwa mwenzake mweupe wa cheo kilekile. Kigezo kimebadilika, ila mantiki ya kulipa kwa kutazama daraja la mtu kabla ya kutazama jeraha lake ina mizizi mirefu.

3.0 Maana ya "Ulemavu Kamili"

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu mwenye ulemavu kamili ni "asiyejiweza". Katika sheria za fidia dhana hiyo hugawanywa mara mbili: kwanza kwa muda (ulemavu wa muda na wa kudumu), kisha kwa kiwango (ulemavu wa sehemu na ulemavu kamili). Kiwango hupimwa na madaktari na kuandikwa kwa asilimia. Nchini Marekani askari wa zamani hupangiwa kiwango kuanzia sifuri hadi asilimia 100, kwa hatua za kumi kumi. Nchini Uingereza, katika mpango wa zamani wa pensheni za vita, aliyepimwa asilimia 20 au zaidi hulipwa pensheni, na aliye chini ya hapo hupewa malipo ya mkupuo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba asilimia hupima kilichopotea mwilini au uwezo wa kuzalisha kipato. Haielezi mtu anahitaji mikono ya nani ili aishi hadi jioni. Watu wawili wanaweza kupimwa asilimia 100, mmoja akaweza kujilisha na mwingine asiweze kugeuka kitandani. Kwa hiyo "kamili" katika cheti na "asiyejiweza" katika kauli ya familia si visawe. Mtafsiri wa sheria akivifanya visawe, uhitaji wa mhudumu hupotea ndani ya tafsiri.

4.0 Ngazi za Malipo katika Lugha

Kiswahili cha Tanzania kina msamiati mpana wa malipo, nao unaweza kupangwa katika ngazi nne.

Ngazi ya kwanza ni pensheni na fidia. Pensheni hulipwa kila mwezi kwa sababu ya utumishi. Fidia hulipwa kwa sababu ya madhara. Zote mbili ni haki: anayestahili akinyimwa, anaweza kudai. Hata hivyo, haki hii haiondoi ufinyu wa kiwango. Mwaka 2015 kima cha chini cha pensheni inayolipwa na Hazina kilipandishwa kutoka takriban shilingi 50,000 hadi takriban shilingi 100,000 kwa mwezi.

Ngazi ya pili ni kiinua mgongo. Taswira yake ni ya mtu aliyeinama kazini, akalipwa ili aunyooshe mgongo na kwenda zake. Hulipwa mara moja, na uhusiano wa mlipaji na mlipwaji huishia hapo. Kwa mtu mwenye ulemavu kamili mwenye umri wa miaka 25, malipo ya mara moja huisha mapema mno kuliko uhitaji wake.

Ngazi ya tatu ni kifuta jasho na kifuta machozi. Wakazi wa Pawaga na Idodi, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, wanayafahamu vyema maneno haya kutokana na kanuni za mwaka 2011 zinazohusu madhara ya wanyamapori wakali: tembo akiharibu shamba au kuua mtu, Serikali hutoa kifuta jasho au kifuta machozi, wala haiyaiti malipo hayo fidia. Mlipaji anapochagua neno hili huwa ameeleza kwamba anashiriki huzuni bila kukiri deni. Mpiganaji wa zamani anayeomba "kifuta jasho" kwa unyenyekevu huenda, bila kukusudia, amelishusha dai lake kutoka ngazi ya haki hadi ngazi ya huruma.

Ngazi ya nne ni msaada, ruzuku na mkopo, ambavyo hutolewa kwa kutazama uhitaji. Ibara ya 11 ya Katiba inatambua haki ya kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Hata hivyo, ibara hiyo imo katika sehemu ya Katiba ambayo, kwa mujibu wa Ibara ya 7(2), masharti yake hayatekelezwi kwa amri ya mahakama.

5.0 Milango Iliyo Wazi Mbeya na Iringa

Kwa mpiganaji asiye na pensheni, sheria za raia hufungua milango kadhaa. Mlango wa kwanza ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu ya watu wenye ulemavu. Mlango wa pili ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mlango wa tatu ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF. Mlango wa nne ni matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Mpiganaji aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 alitimiza miaka 60 mwaka 2019.

Milango hii ikipimwa kwa mtu mwenye ulemavu kamili, miwili ya kwanza humchukulia kuwa anaweza kufanya kazi au kuzalisha na kurejesha. Mlango wa tatu huitazama kaya na umaskini wake. Si jeraha la vita. Wa nne huhitaji mtu afike hospitalini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya mjini, na Hospitali Kuu ya Jeshi ya Lugalo iko Dar es Salaam, takriban kilomita 500 kutoka Iringa na zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Asiyejiweza hasafiri peke yake. Kila safari ni nauli mbili.

Kuna pia ugumu wa nyaraka. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtu ambaye karatasi zake za jeshi zinasema "Iringa" leo anaweza kuwa mkazi wa Njombe, bila kuhama nyumba yake. Panapokuwa na uhakiki wa wastaafu, tofauti kama hiyo huhitaji maelezo, na mwenye kuyatoa mara nyingi ni mhudumu wake.

6.0 Mhudumu: Kazi Isiyo na Fungu

Katika mifumo mingine mhudumu ametambuliwa. Mpango wa pensheni za vita wa Uingereza una posho ya uangalizi wa kudumu kwa aliyepimwa asilimia 80 au zaidi na anayehitaji mtu wa kumsaidia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliweka malipo kwa jamaa wanaowahudumia askari wa zamani walioumia vibaya. Mfano wa karibu zaidi uko Tanzania Bara kwenyewe: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, umeorodhesha miongoni mwa mafao yake malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Hivyo dhana hii tayari imo katika sheria zetu na ina Kiswahili chake.

Kinachobaki ni kuihamishia kwa askari wa zamani. Katika kaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini kazi ya kuhudumia huangukia kwa mke au binti. Saa anazozitumia huondolewa katika shamba la mahindi au viazi, au katika masomo yake. Pensheni ya askari haimtaji. Mume anapofariki, miaka ya uhudumu haihesabiwi kuwa kazi popote. Lugha imechangia hali hii, kwa sababu "kuuguza" huchukuliwa kuwa wajibu wa undugu, na wajibu wa undugu hauna mshahara.

7.0 Hitimisho

Mabadiliko ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yaliyofanywa mwaka 2021, yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuhamisha sheria katika Kiswahili ni nafasi ya kupanga upya msamiati wa mafao. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi "mpiganaji wa zamani" itumike kisheria kumjumuisha mgambo aliyeumia vitani pamoja na mwanajeshi mstaafu. Pili, "ulemavu kamili" na "kutojiweza" vitenganishwe, na kila kimoja kiandikwe katika cheti cha bodi ya madaktari. Tatu, "posho ya mhudumu" iwekwe katika ngazi ya kwanza, pamoja na pensheni na fidia, na ilipwe kwa jina la anayehudumu. Kwa njia hiyo, askari na mgambo waliokuwa katika handaki moja watapimwa kwa jeraha lao, na aliyewabeba tangu siku waliporudi ataandikwa katika daftari.