Moshi Mweusi wa Lori: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Pampu

Miongoni mwa malalamiko ya wenye malori ya dizeli, moja hujirudia mno. Mwenye lori hulipia kurekebishiwa injini, moshi hupungua kwa siku chache, kisha hurejea, au lori hukosa nguvu mlimani. Hulipa tena ili lirejeshewe nguvu, na moshi hurejea pamoja nazo. Katika makala haya tunaeleza chanzo cha moshi, utaratibu wa kuupunguza, na yapasayo kudaiwa kwa fundi kabla na baada ya kazi.

Jambo hili si la fedha peke yake. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni dereva, utingo, fundi wa gereji, na wauzaji wa kando ya barabara.

Moshi hutoka wapi

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda hadi joto lake lipite nyuzi 500 za Selisiasi. Ndipo nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kwa hesabu, kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote. Lakini kwa kuwa ukungu huo hauchanganyiki sawasawa kila mahali, injini huhitaji hewa nyingi zaidi ya hiyo. Hewa ikipungua, dizeli ikizidi, au ikipulizwa vibaya au kwa wakati usiofaa, sehemu yake huungua nusunusu na kuwa masizi. Hayo ndiyo moshi mweusi, na ni mafuta uliyoyanunua yakatoka bure kwa bomba.

Rangi ya moshi ni dalili ya kwanza. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili ya injini inaungua, kwa sababu ya kuchakaa kwa ringi za pistoni, miongozo ya valvu au sili za turbo. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto huonyesha dizeli isiyowaka au maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda. Mambo hayo mawili hayatibiwi kwa kupunguza dizeli kwenye pampu. Yanayofuata yahusu moshi mweusi.

Utaratibu wa kufuata

Kanuni yetu ni moja: anza na kilicho rahisi na cha bei nafuu, ndipo uende kwenye kilicho kigumu.

Kwanza, kagua njia ya hewa. Chujio la hewa lililojaa vumbi huikaba injini, na malori yapitayo barabara za vumbi huziba chujio mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Badilisha chujio lililoziba, wala usiendeshe bila chujio, kwa maana vumbi litakula silinda. Kisha kagua mipira na klipu kati ya turbo na injini. Mpira uliopasuka huvujisha hewa iliyokwisha kugandamizwa, na moshi huzidi hasa lori linapobeba mzigo.

Pili, kagua mafuta. Mwaga maji kwenye chujio la dizeli, na ulibadilishe kwa muda uliowekwa. Nunua dizeli kwenye kituo kinachotoa risiti. Uwekaji wa vinasaba katika mafuta, ulioanza nchini Tanzania mwaka 2010, ulikusudiwa kufichua uchakachuaji, kwa kuwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hulainisha kidogo na kuchakaza pampu na nozeli.

Tatu, nozeli zitolewe na kupimwa kwenye mashine yake. Nozeli njema hufunguka kwa shinikizo lililowekwa na mtengenezaji, hutoa ukungu ulio sawa pande zote, wala haidondoshi matone. Inayodondosha ndiyo mama wa masizi. Tahadhari: mtu yeyote asiweke mkono mbele ya nozeli inayopimwa. Dizeli yenye shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo laweza kugharimu kidole au mkono. Aliyepenyezwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu.

Nne, tapeti zipimwe kwa geji na kurekebishwa kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo, ikiwa baridi au moto kama kitabu kinavyoagiza. Valvu isiyofunguka vya kutosha huinyima silinda hewa. Isiyofunga huvujisha mgandamizo.

Tano, ndipo ifuatie pampu. Majira ya kupuliza dizeli yahakikishwe, kwa maana yakichelewa injini hutoa moshi na kukosa nguvu. Ikiwa moshi bado upo, pampu ipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, aweke kiasi cha dizeli sawa kwa kila silinda kwa vipimo vya mtengenezaji. Moshi ukibaki hata baada ya hayo, mgandamizo wa kila silinda upimwe, kwani yawezekana injini imefikia wakati wa oveholi.

Hila ya skrubu

Pampu nyingi za zamani zina skrubu inayoweka kiasi cha juu cha dizeli, nayo hufungwa kwa lakiri. Fundi asiye mwaminifu, au asiye na vifaa, huivunja lakiri hiyo na kuzungusha skrubu kwa kukisia. Akipunguza dizeli, moshi hupungua hapo hapo, na mwenye lori huondoka ameridhika. Lakini mpira uliopasuka ungali umepasuka. Lori likifika Kitonga na mzigo, nguvu hazitoshi. Dereva husimama kwenye gereji ya njiani, skrubu hufunguliwa kupita kiasi, na moshi huwa mwingi kuliko wa awali. Dizeli iliyozidi hupandisha pia joto la moshi, na joto hilo laweza kuharibu turbo na pistoni. Hivyo akiba ya siku moja huzaa gharama ya injini nzima.

Ikumbukwe pia kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo iliyorekebishwa Dar es Salaam hadi ukingoni mwa moshi itatoa moshi zaidi Mbeya, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15. Mwambie fundi njia ambazo lori lako hupita.

Kwa malori mapya yenye kompyuta, kazi ianze kwa kusoma hitilafu kwa kifaa chake. Usikubali kuuziwa huduma ya kuondoa chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio likiziba, lina sababu ya kuziba. Kuliondoa huficha ugonjwa na kuwaongezea wengine sumu.

Haki na wajibu wako

Kabla ya kazi, dai makadirio ya maandishi yanayotaja kila hatua na bei yake. Agiza kwamba lakiri ya pampu isivunjwe bila idhini yako. Moshi upimwe kabla na baada, kwa kipimo ikiwa kipo; ikiwa hakipo, lori lijaribiwe mbele yako likiwa na mzigo, injini ikiwa na moto, kwani lori tupu lililosimama huficha mengi. Injini isijaribiwe ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu ya hewa ya sumu.

Baada ya kazi, dai spea za zamani, karatasi ya vipimo vya nozeli na pampu, risiti, na muda wa dhamana kwa maandishi. Asiye na nyaraka hizo huwa na neno lake tu dhidi ya neno la fundi, na malalamiko ya namna hiyo ni magumu kuyaamua.

Nawe una sehemu yako. Mzigo uliozidi na gia kubwa mlimani hutoa moshi hata kwenye injini nzima. Dereva apunguze gia mapema, na asikanyage mafuta hadi mwisho wakati injini inalemewa. Weka daftari la lori: tarehe, kilomita, chujio lililobadilishwa, na kazi iliyofanywa. Daftari hilo humwonyesha fundi pa kuanzia, na humzuia kukutoza mara mbili kwa kazi moja.