Mtoto Asiye na Raba Akimbie Pia



Wakati wa michezo ya shule ukifika, kamati nyingi za wazazi hukaa na kuulizana: pesa za raba tutatoa wapi? Mahali pengine mtoto huambiwa akae kando kwa sababu hana viatu. Kwa maoni yangu huko ni kumwonea bure. Kukimbia miguu mitupu si aibu, na kwa aliyezoea kuna faida zake.

Mwaka wa 1960 kule Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye huko Tokyo alishinda tena, safari hii amevaa viatu. Kwa hivyo uchawi hauko kwa viatu wala kwa miguu mitupu.

Sasa faida iko wapi? Mwaka wa 2010 Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walitoa utafiti wao, na kati ya waliopimwa walikuwemo wakimbiaji wa huku kwetu Bonde la Ufa. Waliona kwamba aliyezoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kikafuata. Mwenye raba za soli nene mara nyingi hutangulia kwa kisigino. Jaribu mwenyewe hapo uani: ruka utue kwa mbele ya wayo, halafu ruka kidogo tu utue kwa visigino. Utasikia kishindo kinapanda mpaka kichwani! Ukitua kwa mbele, kifundo na misuli ya nyuma ya mguu hupokea uzito kama springi ya gari.

Lakini si wote. Mwaka wa 2013 watafiti waliowapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wasiovaa viatu, walikuta wengi wao wakitua kwa kisigino wanapokimbia mwendo wa wastani.

Na ile sugu ya wayo ambayo vijana wetu wanaionea haya? Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, uliwapima Wakenya na Wamarekani. Ilionekana kwamba sugu nene hulinda wayo bila kuua hisia; mtu bado anaisikia ardhi vizuri.

Mtu mzima aliyevaa viatu miaka yote asianze na kilomita tano. Aanze na dakika chache kwenye nyasi, la sivyo misuli ya nyuma ya mguu itamlaza kitandani.

Haya, wazazi, msije mkasema mtu wa parokia amesema viatu si lazima. Kukimbia nusu saa kwenye uwanja wa nyasi ni jambo moja, kushinda siku nzima miguu mitupu ni jambo lingine. Funza hukaa kwenye vumbi, hata sakafuni mwa nyumba. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu pale watu wanapojisaidia ovyo. Mwiba wa kayaba au msumari unaweza kuleta pepopunda, na pepopunda inaua.

Kwa hivyo kikundi kikiwa na pesa kidogo, ningeomba zinunue kwanza viatu vya kila siku, hata ndala au akala za kwenda chooni na zizini, kabla ya raba za mashindano. Siku moja kabla ya mbio, watu wazima wapite uwanjani waokote chupa zilizovunjika, miiba na mabati. Jioni miguu ioshwe kwa sabuni na kukaguliwa katikati ya vidole. Mwenye funza apelekwe dispensari. Kupokezana pini moja kunaweza kueneza virusi vya Ukimwi. Aliyechomwa na kitu kichafu aende siku hiyo hiyo, aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mwenye ugonjwa wa sukari asivue viatu, hata kwenye nyasi, kwa sababu anaweza kukatwa na asisikie.