Baba wa shimo na mama mwenye kunyonyesha: nani anahitaji chakula zaidi?

Mu nyumba mingi za Kolwezi na Likasi, sahani ya kwanza na kipande kikubwa cha nyama ni ya baba, kwa sababu yeye njo anashuka mu shimo. Hatukatai. Lakini tulishika kalamu tukahesabu, na tukaona kuna mutu mwingine ambaye nyumba inamusahau.

Kalori ni kipimo cha nguvu yenye kutoka mu chakula. Wataalamu wa FAO na OMS wanaanza na mwili wenye kupumzika. Kwa mwanaume wa miaka 30 mpaka 60, zidisha kilo zake mara 11,6, kisha ongeza 879. Baba wa kilo 65 anafika 1633. Hizo anazitumia hata akilala siku nzima: ni za moyo, pumzi na joto la mwili. Halafu zidisha kwa kazi. Mulinzi mwenye kukaa ku kiti, mara 1,55: karibu 2530. Mwenye kuchimba na kubeba mifuko ya mawe, mara 2,1: karibu 3430.

Sasa mama wa miaka 32, kilo 60. Kwake ni kilo mara 8,7, ongeza 829: tunapata 1351. Kama anateka maji na kusafisha mawe kutwa, zidisha mara 1,8: karibu 2430. Kama ananyonyesha, ongeza 500 ingine. Ni 2930! Anamupita mulinzi kwa kalori 400, na bado ni yeye anabakiaka kukwangula chungu.

Tuje ku unga. Gramu 100 za unga wa mahindi ziko na kalori karibu 360. Kwa hesabu, kilo moja ingemutosha baba, lakini nani atamaliza bukari ya kilo nzima kila siku? Afazali mafuta: kijiko kikubwa kimoja mu sombe kinaongeza 120. Gramu 100 za karanga zinapita 550. Maharagi na ndagala zinaleta protini, ambayo bukari iko nayo kidogo tu. Na bia (tunajua mutauliza): chupa kubwa iko na karibu 300, lakini haijengi mwili.

Mwenye kukosa mizani aangalie mushipi. Kama kila mwezi anatoboa tundu ingine ndani, chakula hakitoshi. Watoto, wenye mimba na wagonjwa wa sukari wako na hesabu yao. Hao waulize munganga.