Fat-ha na Kasra Katika Aya ya Udhu

Katika Suratul-Maidah, aya ya 6, irabu moja imebeba hukumu ya miguu. Nafi', Ibn Amir, al-Kisai na Hafs wamesoma arjulakum: miguu imeunganishwa na nyuso na mikono, basi huoshwa. Ibn Kathir, Abu Amr, Hamza na Shu'ba wamesoma arjulikum, ikifuata vichwa, navyo hupakwa maji. Je, visomo vinapingana? La. Baadhi ya wanavyuoni wa Kisunni wamesema kasra hiyo ni ya ujirani wa maneno tu. Wengine, nasi tunawaunga mkono, wameielekeza kwenye kupaka maji juu ya khuffu, viatu vya ngozi vilivyovaliwa katika tahara. Kiswahili husema "na miguu yenu" basi. Nahau yake haionyeshi tofauti hii. Muumini wa Qurus, Karatu, anayetawadha alfajiri ya baridi ya Julai, anayo ruhusa hiyo mchana na usiku mmoja akiwa mkaazi, na siku tatu akiwa safarini.