Mtoto Mwenye AS: Kichwa Kisichopona Kisipuuzwe

Huenda mwanao alipimwa damu ukaambiwa: "Huyu ni AS, si mgonjwa." Uliambiwa kweli. Hata hivyo lipo jambo moja ambalo mzazi wa mtoto wa AS anapaswa kulijua mapema, kabla halijamfika.

AS ni nini?

Kila mtoto hurithi sehemu moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyepata S mbili ni SS, na huyo ndiye mwenye ugonjwa wa selimundu. Aliyepata A moja na S moja ni AS. Hapo hakuna laana wala uchawi, na wala si kosa la mama peke yake.

Tena S moja ina faida yake. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti Kenya na Uganda, alionyesha kwamba AS humsaidia mtoto kujikinga na malaria. Lakini kinga hiyo si kamili. Mtoto wako alale ndani ya chandarua kama wenzake.

Hatari iko wapi?

Ipo mishipa inayotoa damu kichwani na kuirudisha kwenye moyo. Mara chache damu huganda ndani ya mishipa hiyo na kuiziba, ubongo ukavimba au ukavuja damu. Jambo hili ni nadra, na linaweza kumpata hata mtoto wa AA. Lakini madaktari wameliona pia kwa watoto wa AS waliokuwa wazima kabisa. Inajulikana vilevile kwamba watu wazima wenye AS hupata mabonge ya damu, hasa kwenye mapafu, kuliko wenye AA.

Mara nyingi kuna kitu kinachochochea:
- Kuhara, kutapika au homa mpaka mwili ukakaukiwa maji.
- Sikio linalotoa usaha bila kutibiwa. Mshipa mkubwa wa kichwa hupita karibu na mfupa wa nyuma ya sikio.
- Upungufu wa damu.

Dalili za kuangalia

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:
- Kichwa kinauma na kuzidi siku hadi siku, hasa pamoja na kutapika.
- Degedege.
- Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au mdomo umepinda.
- Anaona vitu viwili viwili, au macho yamepinda.
- Analala mno, anachanganyikiwa au haamki vizuri.
- Utosi wa mtoto mchanga umevimba.
- Uvimbe au maumivu nyuma ya sikio.

Ukifika, mwambie mganga: "Mwanangu ni AS." Asipoambiwa, huenda asijue. Malaria itapimwa, na ni sawa. Lakini kama kipimo hakionyeshi malaria, au dawa imekwisha na kichwa bado kinauma, rudi. Usikae nyumbani ukisubiri.

Ugonjwa huu huonekana kwa picha maalum ya kichwa, ambayo haipatikani kila hospitali. Mtoto akipewa rufaa, usiikatae kwa sababu ya wadogo zake waliobaki nyumbani; mwombe jirani awaangalie. Huko atapewa dawa ya kuzuia donge lisikue, atatibiwa maambukizi na kurudishiwa maji mwilini. Akiwahi, ana nafasi nzuri ya kupona.

Usimchanje chale, usimpe aspirini, wala usinunue dawa sokoni kwa kubahatisha.

Kinga ni kazi yako na yetu

Mpe maji safi mara kwa mara, hasa wakati wa jua kali na anapocheza. Akihara, anza ORS siku hiyo hiyo na umpeleke kituoni. Sikio likitoa usaha, lisafishwe na kutibiwa. Mpe maharage, dagaa na mboga za majani, na umalize chanjo zake zote.

Usimfungie ndani. Mtoto wa AS acheze na asome kama watoto wengine.

Kama hujui mwanao ni AA, AS au SS, muulize mhudumu wa afya wa eneo lako mahali pa kupimwa. Majibu yaandike kwenye kadi yake ya kliniki, na kadi hiyo uwe nayo kila uendapo kituoni.