Marseille: kula ni kwa saa, ukichelewa imekula kwako

Haya wadau, mlioniuliza maisha ya Marseille, kusini mwa Ufaransa, leo nawajibu. Nilienda likizo kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ameolewa kule. Majengo mtayaona kwenye picha, mimi naongelea msosi maana ndio ulionitesa.

Siku ya kwanza dada yuko kazini, nikazurura Vieux-Port, yaani bandari ya zamani, mpaka saa tisa alasiri. Naingia mgahawa wa kwanza, mhudumu anatikisa kichwa. Wa pili vile vile. Nikajua ni rangi yangu tu, nikarudi nyumbani nimenuna. Dada akacheka mpaka machozi: "Mdogo wangu, saa tisa jiko limefungwa!"

Iko hivi. Migahawa mingi kule hutoa chakula cha mchana saa sita mpaka saa nane, halafu jiko linazimwa mpaka kwenye saa moja na nusu usiku. Katikati hapo ni kahawa na soda. Sio kama kwa mama ntilie wetu. Ila ukiwahi saa sita unafaidi: kuna chakula cha siku, kimeandikwa kwa chaki ubaoni, na bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya usiku. Mkate unaletwa bila kulipia. Maji ya bomba ni bure pia kwa anayekula, ni sheria, we sema "carafe d'eau" unaletewa jagi. Mimi nilisema "maji" tu, ikaja chupa, nikailipia! Huduma ipo ndani ya bei, bakshishi ni hiari yako.

Halafu "bonjour". Kuingia duka la watu bila kuisema ni kama kuingia nyumba bila hodi. Nilipoanza kuisema, wale niliodhani wana roho mbaya wakaanza kunichekea.

Bouillabaisse, ile supu maarufu, asili yake ni wavuvi kupika samaki wa miambani waliokosa mnunuzi. Mwaka 1980 wenye migahawa wakaandikiana mkataba wa namna ya kuipika, samaki wasipungue aina nne. Leo sahani inapita euro 50, nikafunga menyu taratibu. Nikala panisse: unga wa dengu unasongwa kama ugali, unapoa, unakatwa vipande, unakaangwa. Ukiziuza Forodhani zinaisha kabla ya isha.

Ila raha yangu ilikuwa soko la Noailles. Marseille imejaa Wangazija, kwa hiyo muhogo, ndizi za kupika, bamia, vyote unapata. Mama mmoja akawa ananitajia bei kwa Kingazija, mimi namjibu Kiswahili, tukaelewana nusu nusu na akaniongezea pilipili.

Jioni dada akapika kisamvu cha nazi, tukala saa nne usiku. Shemeji, Mfaransa wa watu, kalalamika tumechelewa. Sahani ya pili alijipakulia mwenyewe.