Kongosho Lililojificha: Uchunguzi Huanzia Zahanati

Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, na kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. Hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula pamoja na insulini. Kwa sababu ya maficho hayo, saratani yake hukua kimya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao 511,000 duniani waligundulika nayo, na wapatao 467,000 walifariki kwayo. Ukaribu wa hesabu hizo mbili unaonyesha jinsi wengi wanavyogundulika wakiwa wamechelewa.

Ultrasaundi ya kawaida, inayopitishwa juu ya ngozi, mara nyingi huzuiwa na hewa iliyomo tumboni. Ultrasaundi ya endoskopia hukiepuka kikwazo hicho. Mrija mwembamba wenye kifaa cha mawimbi ya sauti kwenye ncha hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo, jirani kabisa na kongosho. Hapo hata uvimbe usiofikia sentimita 2 huweza kuonekana, na sindano huchukua chembechembe za kupimwa maabara.

Akili mnemba sasa inasaidia kuzisoma picha hizo. Mwaka 2019, watafiti wa Hospitali ya Saratani ya Aichi, Nagoya, Japani, waliijaribu kwa picha za wagonjwa 50 wenye uvimbe wa majimaji katika kongosho. Programu ilitambua uvimbe wenye saratani na usio nayo kwa usahihi wa asilimia 94. Madaktari walifikia asilimia 56. Hata hivyo, wagonjwa hao walikuwa wachache, wa hospitali moja, na wote walikwisha kuchaguliwa kufanyiwa upasuaji. Programu haiwezi kumwona mgonjwa ambaye hakufikishwa mbele yake.

Hapo ndipo Nachingwea na Ruangwa zinapohusika. Mkulima wa korosho au ufuta anayepungua uzito huweza kudhani ni uchovu wa shamba, na maumivu ya tumbo yakatibiwa kwa miezi kama vidonda vya tumbo. Mhudumu wa zahanati azingatie dalili hizi: macho ya manjano, hata yasiyoambatana na maumivu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo kilichopauka, kuwashwa mwili, maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, na kisukari kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50 huku akikonda.

Dalili hizo si lazima ziwe saratani. Mawe ya nyongo na homa ya ini huweza kuleta baadhi yake. Lakini zinadai uchunguzi wa haraka. Ultrasaundi ya hospitali ya wilaya inaweza kuonyesha mirija ya nyongo iliyotanuka, nayo ni sababu tosha ya rufaa. Isipoonyesha kitu, na dalili zikaendelea, jibu hilo lisiufunge uchunguzi: mgonjwa apelekwe Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, Hospitali ya Kanda ya Kusini mkoani Mtwara, au Muhimbili, kadiri hali inavyotaka.

Nawe mgonjwa, tunza majibu yako yote na uyabebe uendapo. Ukiona macho yamegeuka manjano, usingoje mavuno yaishe.